Niliambiwa nifute ramani ya zamani kwenye seva ya ofisi, nikaificha. Ijumaa moja boti ikapita jikoni kwa mama

Wakuu, habari za mchana huu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Muda mrefu nimekuwa msomaji wa kimya humu ndani, leo nimeamua kutoa la moyoni.

Hii si chai. Majina nimebadilisha na ofisi siitaji, maana ndiyo inayoniweka mjini mpaka leo. Mengine yote yametokea kama nitakavyoyasema, na ukifika Ujiji ukauliza watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, watakuonyesha ukuta wenyewe.

Mimi ni mtoto wa Ujiji, Kigoma. Niiteni Kassimu. Kazi yangu ni ramani, sio zile za kutundika darasani, hizi za kwenye kompyuta.

Niko kwenye shirika moja linalohudumia vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, vile ambavyo gari likifika limefika kwa dua. Tuna boti inayopeleka chanjo na dawa, na ikitokea dharura inaleta mgonjwa mjini.

Ili mnielewe huko mbele, ngoja niwaeleze ramani yetu inavyokaa. Wasio wa TEHAMA msikimbie, ni maneno machache tu.

Ramani mliyozoea kwenye simu inatoka mtandaoni. Yetu haitoki popote. Imekaa ndani ya seva, dude jeusi lililofungiwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, na inaonekana kwa kompyuta zilizoungwa na mtandao wa ndani wa ofisi tu. Ukishavuka geti, hata uwe na bando la mwezi mzima, huioni ng'o.

Sababu ni kwamba mle ndani kuna kaya za wagonjwa wetu, nani anaishi wapi na anaumwa nini, na wakubwa hawakutaka vitu hivyo vizagae. Halafu intaneti ya huku mnaijua wenyewe. Ikikatika sisi hatuna habari, ramani ya ndani inafanya kazi kama kawaida.

Ubaya wake ni mmoja. Haijui kujisasisha. Kitu chochote kipya lazima kuna mtu akiingize kwa mkono, na mtu mwenyewe ndiye mimi.

Boti nayo ina kishikwambi chake. Asubuhi kabla ya safari nahodha anakileta ofisini, kinashika wifi yetu, kinavuta nakala ya ramani, anaondoka nacho. Akishakuwa ziwani hakuna cha kuvuta tena, anatumia kile alichoondoka nacho. Hilo mlishike, litarudi.

Sasa, chini ya alama zote za vijiji na zahanati kwenye ramani yetu kulikuwa na picha. Picha ya kutoka juu, ilipigwa na drone mradi ulipokuwa unaanza, kabla ziwa halijapanda.

Watu wa Kigoma mnajua ninachosema. Kwa ndugu zangu wa mikoa mingine, ni kwamba miaka ile ziwa lilipanda na halikurudi. Halikuja kwa fujo. Lilikuja taratibu, mvua hii na mvua ile, mpaka unazoea.

Kwetu palikuwa nyumba ya nne kutoka ufukweni. Mama alikuwa anaanika dagaa juu ya turubai la bluu, na mwaka ule alikuwa analisogeza nyuma hatua mbili kila wiki. Siku moja nikaona turubai limefika mwisho wa ua na nikajua tutahama.

Tuliezua bati wenyewe. Kuta tukaziacha.

Tukaenda kupanga Mwandiga. Mama hakupapenda. Alikuwa anasema usiku wa Mwandiga hauna kitu ndani yake, hausikii maji, masikio yanakosa pa kulala. Alifariki hukohuko, mwaka wa pili. Nikisema ni ziwa lilimuua nitakuwa namsingizia Mungu, daktari alisema presha. Lakini mimi mwanawe najua alianza kuondoka lini.

Mzee wangu ni fundi mwashi. Fundi Hamisi, mtaa mzima ule wa chini aliujenga yeye au alikuwepo ukijengwa. Baada ya msiba hakukanyaga tena ziwani. Hata dagaa alinunua soko la Mwandiga kwa bei ya ajabu, wakati ziwa lile pale.

Basi mimi nikawa na tabia moja ambayo naona aibu kidogo kuiandika.

Mchana wenzangu wakienda kula, nilikuwa nabaki na ile picha.

Navuta karibu. Navuta tena. Ofisi kimya, kiyoyozi kinanguruma, na mimi nateremka polepole kama vile natoka mbinguni, naiona Kigoma yote, reli, bandari, halafu Ujiji, halafu barabara ya vumbi, halafu uchochoro wetu, halafu bati letu lenye kiraka cha kutu upande wa mashariki.

Uani mchikichi wetu mmoja. Turubai la bluu. Na pembeni ya turubai, karibu na jiko, kidoti cheusi chenye kivuli chake.

Nilishaamua moyoni kwamba kidoti kile ni mama ameinama anageuza dagaa.

Najua, wakuu. Ukivuta zaidi ya hapo picha inavunjika vipande, huoni sura wala kanga. Lakini mimi nilikuwa namwona. Kuna siku nilikaa naye mpaka saa ya kula ikaisha, nikarudi kwenye kazi zangu sina njaa, nimetulia kama mtu aliyetoka nyumbani kwao kusalimia.

Nikamwambia mzee. Akanijibu kwa mkato, "Mimi siangalii maji."

Nikamwambia hakuna maji. Kwenye picha hiyo bado pakavu.

Ila Ijumaa ile, baada ya sala, mlinzi akanipigia kutoka getini kwamba kuna mgeni wangu. Naenda namkuta baba na kanzu yake, ameshuka kwenye bodaboda, anaandika kwenye daftari la wageni. Pale penye sababu ya kuja ameandika: kuangalia nyumba.

Mlinzi alidhani anatafuta ya kupanga.

Nikamketisha kwenye kiti changu. Nikateremka naye polepole vilevile ninavyoteremka mwenyewe. Tulipofika juu ya mtaa, mzee aliinama mpaka pua ikakaribia kioo, akaanza kutaja.

"Hapo kwa Mzee Sadi. Tofali mbichi, bahili yule. Hapo kwa Mwalimu Zuberi, saruji na linta ya nondo juu ya milango, nilimwekea mwenyewe. Hapo kwa yule dada wa mawese, tofali mbichi chini na juu za kuchoma, nilimkatalia akamleta fundi mwingine."

Wakuu, mimi nilikuwa naona mabati tu. Kutoka juu nyumba zote ni bati. Mzee alikuwa anaona kuta.

Tukafika kwetu. Mimi nikashindwa kujizuia, nikamwonyesha kile kidoti. "Baba, huyu si mama?"

Akatazama. Akasema, "Hilo ni pipa la maji."

Akaomba nimsindikize getini.

Iliniuma, sitawaficha. Lakini Ijumaa iliyofuata alirudi. Na iliyofuata. Mlinzi akazoea, akawa anamjazia daftari mwenyewe, kuangalia nyumba, kuangalia nyumba, ukurasa mzima.

Sasa tuje kwenye kosa langu.

Ikaja picha mpya. Jamaa waliokodiwa kwa kazi hiyo walituletea diski ya nje, picha safi kuliko ile ya kwanza, ya mwambao wote. Meneja wetu ni mama mmoja mwenyeji wa Mbeya, tumwite Madam Tumaini. Hana makuu, ila akisema amesema. Akaniambia, "Kassimu, weka mpya, futa ya zamani. Seva inakaribia kujaa na picha ile inadanganya watu, inaonyesha ardhi mahali penye maji."

Alikuwa sahihi kabisa.

Nikaweka mpya. Nikateremka pale kwetu kuangalia. Bluu. Bluu tupu, laini, nzuri hata, kama shuka lililotandikwa na mtu msafi. Mtaa hakuna. Uchochoro hakuna. Maji yanakuja mpaka barabara ya juu.

Nilikaa na kidole juu ya kitufe cha kufuta dakika nyingi. Sikuweza.

Nikaihamishia picha ya zamani kwenye folda la ndani nikaliita Majaribio. Nikaitoa kwenye orodha ili asiione mtu yeyote isipokuwa mimi. Nikamwandikia Madam, "Tayari." Neno moja, na ulikuwa uongo.

Uongo wenyewe ulikuwa na gharama ambayo sikuijua wakati ule, nitaisema.

Kwa hiyo ofisi nzima ikawa na ramani ya bluu, na kishikwambi cha boti kikavuta ramani ya bluu. Mimi na mzee tukabaki na mtaa wetu, kila Ijumaa, sauti chini, kama watu wanaoangalia kitu kibaya.

Nahodha wetu wakati huo alikuwa mgeni, Masanja, kijana wa Mwanza, Ziwa Victoria analijua kama kiganja chake. Tanganyika alikuwa hajamaliza hata miezi miwili.

Wavuvi wa Ujiji wana mwendo wao pale. Hawaangalii ramani. Wanapita kwa majina ya watu. Utasikia mmoja anamwambia mwenzake, usikate kwa Mwalimu, zunguka kwa Sadi ndipo uingie. Wanapita juu ya nyumba za watu na wanazitaja kana kwamba wenyewe wako ndani wanakunywa chai. Mgeni hawezi kuelewa. Na Masanja hakuna aliyemwambia, kwa sababu boti yetu inashukia Kigoma mjini, Ujiji haikuwa na shughuli napo.

Mimi nilijua. Mimi niliyezaliwa pale nilijua, na sikuwahi kumwambia. Hilo ndilo linanikosesha raha mpaka leo.

Ijumaa hiyo upepo ulianza asubuhi. Boti ilikuwa imeenda kijiji cha kusini kumchukua mama mjamzito. Mtoto amekaa vibaya, damu inatoka, nesi wetu Agnes yuko naye.

Saa nane na kitu mzee alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti changu, tuko mtaani kwetu. Redio call ikalia mezani kwa Madam. Ofisi yetu ni ukumbi mmoja, kila mtu anasikia.

Ni Masanja. Injini moja imezima, ya pili inakohoa. Mawimbi yanamsukuma ufukweni, Kigoma hafiki. Sauti ya Agnes nyuma yake inasema mgonjwa anaishiwa nguvu.

Madam akamwambia gari la wagonjwa linakuja Ujiji, barabara ya juu.

Masanja akasema, "Sawa, napaona. Kwenye ramani ni bluu tupu, hakuna kitu. Nanyoosha moja kwa moja."

Wakuu, nakumbuka niliona ile bluu laini kichwani na chini yake kuta.

Maji yale ya juu ya mtaa hayana kina kirefu. Kuta za saruji vichwa vyake mawimbi yamevivunja, vilivyobaki vimekaa chini kidogo tu ya maji, urefu wa mkono. Kukiwa na upepo huoni chochote. Mtumbwi mmoja ulishapasuliwa tumbo pale mchana kweupe, na ule ulikuwa na wavuvi wanaojua kuogelea. Hawa wana mgonjwa anayetoka damu.

Nikapiga kelele, "Mwambie asimame! Asiingie!"

Madam akanigeukia. Nikafungua folda la Majaribio, nikaitupa picha ya zamani kwenye kioo kikubwa cha ukutani, tunachotumia kwenye vikao. Mtaa wetu wote ukatokea ukutani, mabati, michikichi, vichochoro.

Madam akatazama, akasema taratibu, "Kassimu. Hii si uliifuta?"

Nikaisogelea redio mkononi mwake, nikamwambia Masanja aizuie boti na anisomee namba za GPS. Boti yenyewe haiko kwenye mtandao wetu, haiwezi kujionyesha, lazima asome kwa mdomo na mimi niandike. Akasoma. Nikaandika. Kidoti chekundu kikaruka kwenye picha kikakaa mbele ya mtaa, pale palipokuwa na mchanga tuliochezea mpira.

Hapo ndipo nilipokwama. Nyumba naziona, lakini ipi imesimama na ipi imeanguka sijui. Bati ni bati.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Akanyoosha mkono kwa Madam, "Mama, hebu nipe hiyo redio."

Madam akampa. Sijui kwa nini alimpa, mpaka leo hajaniambia.

"Nahodha, mwakeye," mzee akasalimia, mchana ule wa saa nane, salamu ya Kiha ya asubuhi. Nadhani alikuwa hajui amesema nini. "Mimi ni fundi. Unanisikia?"

"Nakusikia mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mbele yako kulia kuna nyumba ya Sadi. Pita juu yake, usiogope. Tofali mbichi ile, imeshakuwa tope."

"Juu yake kabisa?"

"Juu yake kabisa. Akiuliza mwambie fundi ameruhusu."

Masanja akasoma namba. Nikaandika. Kidoti kikapanda juu ya bati la Mzee Sadi, kikapita sebuleni, kikatokea uani. Hakuna kilichogusa.

"Sasa kushoto kwako kwa Mwalimu. Hapo usisogee. Ile ina nondo. Bana kulia, kuna uchochoro."

Uchochoro huo, wakuu, ndio niliojifunzia baiskeli. Niliona kidoti kinaingia pale pale ukutani ofisini, polepole, namba kwa namba, kinapita dirisha la kwa Mwalimu ambalo tulikuwa tunachungulia runinga. Sikuwa na hofu tena wakati huo, ni ajabu kusema. Nilihisi kama niko mdogo na kuna mtu anarudi nyumbani.

Halafu Masanja akasema, "Mzee, wimbi linanitupa kushoto. Mbele naona povu, kuna kitu."

Mzee alitazama ukutani. Pale mwisho wa uchochoro ni kwetu.

"Huo ni ukuta," akasema. "Usiuguse. Huo haujaanguka."

"Umejuaje mzee? Labda—"

"Nimeujenga mimi."

Redio inakwaruza. Mzee akaisogeza karibu na mdomo.

"Nahodha. Kulia kwa huo ukuta kulikuwa na jiko. Lilikuwa la miti na udongo. Mwenyewe alinisumbua miaka yote nimjengee la tofali, nikawa namwambia kesho. Pita jikoni."

Masanja akasoma namba ya mwisho. Nikaandika. Kidoti chekundu kikaingia kwenye jiko la mama, kikatoka upande wa pili, kikakaa pembeni ya turubai la bluu, juu kabisa ya kile kidoti kingine. Kikakifunika. Kikakaa pale kama pumzi mbili.

Kisha tukasikia watu wanapiga kelele kwenye redio. Boti ilikuwa imegusa tope la barabara ya juu. Wanaume wa mwaloni waliingia majini na nguo zao wakambeba yule mama juu juu mpaka kwenye gari.

Alijifungua kwa upasuaji. Yeye na mtoto wazima. Msiniulize mtoto aliitwa nani, hatukuambiwa na hatukuuliza.

Mzee alirudisha redio mezani, akasema "ahsante mama," akachukua kofia yake. Mimi nililia pale pale kwenye kiti mbele ya watu, na mtu mzima mimi.

Jumatatu Madam akaniita ofisini kwake. Nilidhani atanipongeza, nisiwe mnafiki.

Akaniwekea karatasi mezani. Wiki tatu seva ilikuwa imeshindwa kutengeneza nakala ya akiba ya taarifa za wagonjwa kwa sababu nafasi imejaa. Nafasi iliyojazwa na picha niliyosema nimeifuta. Lau seva ingekufa ndani ya wiki hizo, taarifa zote za vijiji vyote zingeondoka nayo.

Akasema, "Ungeniambia ukweli, ningekununulia diski."

Wakuu, sentensi hiyo iliniingia kuliko barua ya onyo aliyonipa baada yake. Barua ninayo, niliisaini, niliistahili.

Lakini diski alinunua. Na akaagiza picha ya zamani irudi kwenye ramani kama leya rasmi, yaani tabaka, ikae juu ya bluu, kila nahodha aondoke nayo kwenye kishikwambi. Akaniambia nimwombe baba aje atuonyeshe ukuta kwa ukuta, upi umesimama na upi umeyeyuka.

Mzee alikuja na miwani safari hii. Kwenye daftari la mlinzi akaandika: kazi.

Tulikaa Ijumaa mbili. Uliosimama naweka nyekundu, ulioyeyuka naweka kijivu. Kila nyumba nyekundu tunaipa jina la mwenyewe, vile vile wavuvi wanavyoita. Akawa anataja na mimi naandika, na mara mojamoja anacheka mwenyewe akikumbuka nani alimkopa tofali na nani alimletea chai ya maji.

Tulipofika kwetu nikaweka alama nyekundu, nikaandika: Kwa Fundi Hamisi.

Akasema, "Futa."

"Kwa nini baba? Umeijenga wewe."

"Mimi nilijenga tu. Aliyekaa ni yeye. Andika Kwa Mama Mwajuma."

Mwajuma ni dada yangu mkubwa, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita mama. Nikaandika.

Siku hizi Masanja akilazimika kuingia Ujiji, redio inasema, "Nimepita kwa Mama Mwajuma, salama." Anasema kawaida tu, hakumjua. Ikitokea ni Ijumaa na mzee yupo, huweka kofia yake sawa.

Na sasa la mwisho, ambalo ndilo limenifanya niandike uzi huu.

Ijumaa iliyopita tulikuwa tunakagua upya zile alama. Nilikuwa nimevuta karibu kwetu, sijamwonyesha kitu, nishaacha mambo hayo. Mzee akaweka kidole kwenye kioo, chini ya jiko, kwenye kile kidoti chenye kivuli.

Akasema, "Pipa tulinunua tulipohamia Mwandiga."

Sikuelewa haraka. Nikamtazama.

"Ujiji hatukuwa na pipa, Kassimu. Maji si yalikuwa pale."

Akaondoa kidole. Akaniambia nisogeze ramani, tuendelee na nyumba inayofuata.

Nilichojifunza ni hiki, na wenye seva zenu maofisini mnisikilize. Picha mpya inakuonyesha palivyo leo, lakini chini ya leo kuna jana ambayo bado inaweza kupasua boti. Usifute ramani ya zamani kabla hujamtafuta mtu aliyeishi pale akakaa na wewe kwenye kioo. Na usimdanganye bosi wako. Mwambie unachokipenda na kwa nini, huenda akakununulia diski.

Kingine ni cha kwangu mwenyewe. Kama kuna mtu amekuomba jiko, mjengee.

Uwanja ni wenu. Mnaotumia ramani za ndani za ofisi, picha za zamani mnazihifadhi vipi nafasi ikibana? Na watu wa Ujiji, Kibirizi na kwingine kote ziwa lilikopita, niandikieni hapa chini nyumba yenu ilikuwa kwa nani na ilijengwa kwa tofali gani, mzee ameniagiza niulize.

Ushauri, kejeli na hata matusi napokea. Ila atakayekuja kuniambia kile kidoti ni pipa, huyo nitam-block.